Okidi ya Chui Katika Mitaa ya Eastlands

Leo nataka tuzungumze kuhusu okidi, na nataka nizungumze hasa na wewe unayenisikiliza ukiwa Buruburu, Umoja, Donholm, Kayole, Komarock, Jericho, Maringo au Dandora. Wengi tumezoea kuamini kwamba okidi ni ua la Karen na Runda, la nyumba yenye uwanja mpana na mtu wa kutunza bustani. Mimi nasema ipo okidi moja ya Kenya hii hii ambayo, kama ingeulizwa inataka kuishi upande gani wa Nairobi, ingechagua upande wetu.

Sababu ni joto. Mji wetu umeinamia mashariki. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, lakini kile cha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, huku Embakasi, kiko kwenye mita 1,620 hivi. Mtu akishuka kiasi hicho anapata joto la nyuzi moja zaidi bila kufanya lolote. Kisha kuna majengo yenyewe. Gorofa zetu zimebanana, kuta ni za mawe na saruji, mapaa mengi ya nyumba za chini ni mabati. Kuta hizo hunywa jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Mimea mingi huteseka kwa hali hiyo, lakini okidi ya kutoka nyika ya pwani huipenda.

Okidi yenyewe kwa jina la kitaalamu ni Ansellia africana, na watu wengi huijua kama okidi ya chui, kwa sababu ua lake ni la manjano lenye madoa ya hudhurungi. Jina la Ansellia lilitokana na mtunza bustani Mwingereza, John Ansell, aliyeikuta mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo huitwa Bioko, akiwa katika msafara wa Waingereza wa kwenda mto Niger. Lakini mmea huu ulikuwa umeenea Afrika yote ya joto kabla ya Ansell kuzaliwa, kutoka magharibi hadi kwetu, na kuteremka hadi Afrika Kusini. Hapa Kenya utaupata pwani na katika nyika zenye joto, ukiwa umekaa juu ya mbuyu, mkoma au mgunga. Una mashina manene yaliyosimama pamoja, yenye mistari ya pingili, na majani magumu kuelekea kileleni. Mashina hayo ndiyo ghala lake. Hapo ndipo huweka maji ya kupitia kiangazi.

Sasa nisikilize hapa vizuri, maana hili nitakalolisema ndilo linaloamua kama okidi yako itaishi au itakufa. Huu ni mmea wa juu ya mti. Hauna udongo na hautaki udongo. Wala haunyonyi mti unaoukalia, kama wengi wanavyodhani. Umeshika gome tu ili upate mwanga, na chakula chake hutoka kwenye maji ya mvua, vumbi na majani yanayooza. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe inayofanya kazi kama sifongo: mvua ikinyesha hunyonya haraka, kisha upepo hupita na kuikausha. Mzizi uliozoea kulowa na kukauka siku hiyo hiyo, ukiuzika ndani ya udongo mwekundu uliochanganywa na samadi, unakosa hewa na kuoza. Nimeona okidi nyingi zikifa Nairobi, na chache sana zilikufa kwa kiu. Zilikufa kwa sababu mwenyewe alizipenda kwa namna anavyoipenda sukumawiki.

Okidi ya chui ina jambo jingine la ajabu ambalo okidi nyingi hazina. Mbali na mizizi minene inayoshika gome, hutoa mizizi mingine myembamba, mikali, myeupe, inayosimama kuelekea juu kuuzunguka mmea wote. Mgeni akiiona hudhani ni miiba au mizizi iliyokufa, akachukua mkasi akaikata. Usiikate. Huo ni mtego. Majani makavu yanayoanguka kutoka juu ya mti hunaswa humo, yakaoza, na uchafu huo ukawa mbolea. Nyumbani, weka mwenyewe majani makavu machache kati ya mizizi hiyo, na umeulisha kama unavyolishwa porini.

Basi tunaupanda wapi? Vitu vyote unavyohitaji viko mtaani kwako. Fundi wa jua kali, iwe Gikomba au Kariobangi Light Industries, atakupindia kikapu cha waya kwa muda mfupi. Kama hutaki kikapu, mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia ya Kasuku unafaa, mradi uutoboe matundu mengi chini na ubavuni kwa msumari uliopashwa moto. Ndani weka vipande vya makaa magumu, ukubwa wa kidole gumba au zaidi, na chenga zake uzioshe zote zitoke, kwa sababu vumbi la makaa huziba nafasi ya hewa. Changanya na vipande vya makumbi ya nazi. Muuza madafu anayepita na mkokoteni hukata makumbi na kuyatupa kila siku, muombe. Ila makumbi yana chumvi ya asili, kwa hiyo yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji kabla ya kuyatumia. Vipande vya gome la mti kutoka kwa maseremala navyo ni vizuri, lakini usiguse mbao au nguzo iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa.

Kalisha mmea juu ya mchanganyiko huo, usiuzamishe. Sehemu ya chini ya mashina, pale yanapotokea machipukizi, lazima ionekane. Kisha ufunge imara kwenye waya kwa kipande cha soksi ndefu ya mtumba au utepe wa kitambaa, usiyumbe hata kidogo. Mmea unaotikisika hukwaruza ncha za mizizi michanga kila upepo ukivuma, na mizizi hiyo haishiki kamwe.

Sasa roshani. Wengi wetu tuna roshani moja, na nusu yake ina kamba za nguo. Kikapu kitundike kwenye grili, lakini si chini ya kamba. Maji ya sabuni na ya dawa ya kung'arisha nguo yakidondokea mizizi, ndani ya majuma machache utaona ncha zimekuwa nyeusi. Mtazame na jirani wa juu, yeye hudondoshea wapi.

Halafu jua. Nairobi iko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu huhama. Tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la mchana liko upande wa kaskazini wa anga. Miezi mingine liko kusini. Roshani inayotazama kaskazini hupata jua Mei na Juni, na ile inayotazama kusini hupata jua Desemba na Januari. Simama kwenye roshani yako saa sita mchana katika mwezi huu tulio nao, ujue uko upande gani. Anayetazama mashariki ndiye mwenye bahati kuliko wote, kwa sababu jua la asubuhi ni zuri mwaka mzima. Anayetazama magharibi atahitaji neti ya kivuli au pazia jepesi, maana jua la saa tisa likigonga ukuta hurudi na kuongeza ukali.

Okidi ya chui hutaka mwanga mwingi kuliko okidi nyingine nyingi. Majani yenyewe yatakuambia. Yakiwa ya kijani kizito cha kuelekea weusi, mmea uko gizani na hautatoa ua hata ukiulea miaka mingi. Yakiwa ya kijani chenye umanjano kidogo, hapo sawa. Yakipata mabaka makavu ya hudhurungi upande mmoja, yameungua. Na mmea uliotoka kivulini usiutoe juani kwa siku moja. Usogeze kidogo kidogo kwa majuma.

Maji ndiyo habari ndefu kwetu Eastlands, na sitaipita haraka. Maji ya mfereji ya Nairobi hutoka zaidi Aberdare, na bwawa la Ndakaini hutoa sehemu kubwa. Hayo ni maji laini na okidi huyapenda. Tatizo ni kwamba mfereji huku kwetu hautoki kila siku, na ploti nyingi siku hizi zinategemea kisima kirefu. Maji ya visima virefu vya Nairobi yana madini mengi, floridi ikiwamo. Mtu huyanywa au kuyafulia, lakini mizizi ya okidi ikilowa na kukauka, kila mara chumvi hubaki juu yake, ikizidi kujikusanya. Ukiona utando mweupe mgumu juu ya makaa ya kikapu chako, hiyo ndiyo chumvi.

Maji bora kuliko yote ni ya mvua. Mvua ya masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, hupiga mabati yetu bure. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na moshi uliotulia juu ya paa, kisha tega mtungi wa lita 20, ufunge kifuniko mbu wasitage mayai. Mmea mmoja hauna matumizi makubwa. Mtungi huo utakwenda nao mbali. Kama huna ila maji ya kisima, basi mara moja moja, maji ya mfereji yakitoka, mwagilia kikapu kizima kwa wingi yapite hadi chini yaondoe chumvi.

Ni lini unamwagilia? Angalia mizizi. Mzizi mkavu una rangi ya fedha; ukilowa hugeuka kijani. Ukiwa bado kijani, ondoka. Ukiwa wa fedha, mwagilia, na iwe asubuhi, ili jioni baridi ikifika kila kitu kiwe kimekauka. Katika majira ya kukua, machipukizi mapya yanapopanda, mmea huu hunywa na kula sana: maji kila mizizi inapokauka, na mbolea ya maji kutoka agroveti, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa juma. Usizidishe kwa kudhani unauharakisha.

Kisha inafika Juni. Kuanzia hapo hadi Agosti mawingu hukaa juu ya Nairobi, na alfajiri ya Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 12, 11, wakati mwingine chini ya hapo. Okidi za joto kwa kawaida hazitaki usiku ushuke chini ya nyuzi 15. Okidi ya chui huvumilia kwa muda, kwa sharti moja: mizizi iwe mikavu. Baridi kavu haiiui. Huiumiza baridi yenye maji. Kwa hiyo katika miezi hiyo punguza maji sana, acha mbolea kabisa, usogeze mmea karibu na ukuta unaopata jua, na kama roshani yako inapigwa na upepo wa usiku, uingize ndani. Mashina yakianza kukunjamana, upe maji kidogo tu, siku yenye jua. Kipindi hicho cha ukavu ni haki yake, maana hata nyikani hupitia kiangazi. Mmea unaomwagiliwa sawasawa mwaka mzima hujaza majani na kusahau kuchanua. Mvua za vuli zikikaribia ndipo unarudisha maji, na shina lililokomaa vizuri hutoa tawi la maua kileleni, maua mengi kwa pamoja, yanayodumu majuma kadhaa.

Niseme kidogo kuhusu ile okidi nyingine, ile ya maua mapana meupe au ya zambarau mnayoiona madukani mjini, ambayo watu hupeana kama zawadi. Hiyo ni Phalaenopsis. Asili yake ni Asia ya kusini mashariki, nayo pia ni ya juu ya mti na ya joto. Tofauti ni kwamba haina mashina ya kuweka maji, kwa hiyo haivumilii ukavu mrefu, na haitaki jua kali. Sebule yenye dirisha na pazia jepesi inaitosha. Usiruhusu maji yatuame katikati ya majani, utaipoteza kwa usiku mmoja wa Julai. Lakini Nairobi ina zawadi kwa mmea huu ambayo Mombasa haina. Phalaenopsis hutoa tawi la maua inapopata majuma kadhaa ya hewa iliyopoa kidogo, na mahali penye joto la nyuzi 28 na zaidi mchana kutwa hukataa. Wakulima wa Taiwan walikuwa wakiipandisha milimani ili ichanue. Wewe wa Umoja huna haja ya kupanda mlima. Weka tu usiku wake uwe wa ndani ya nyumba, na baridi ya mchana wa Juni itafanya kazi hiyo.

Vumbi la mji nalo lina lake. Vumbi la Outer Ring Road na la Kangundo Road hutanda juu ya majani. Yafute kwa kitambaa chenye unyevu. Usiweke okidi yenye maua karibu na jiko la makaa wala karibu na ndizi zinazoiva, kwa sababu moshi na matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na vichipukizi vya maua huanguka kabla ya kufunguka. Ukiona wadudu weupe wenye unyoya kama pamba kwenye maungio ya majani, wafute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Na shina likioza, likate kwa kisu kilichopitishwa motoni, kisha upake unga wa mdalasini kwenye kidonda tu, si kwenye mizizi, maana mdalasini huikausha.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera moyoni, nalo ni wapi unaupata mmea wenyewe. Mbegu za okidi ni unga mtupu. Zile nukta nyeusi ndani ya ganda la vanila, hii inayolimwa Uganda, ni mbegu za okidi, kwa sababu vanila yenyewe ni okidi. Mbegu hizo hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu fulani wa kuzilisha. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba zinaweza kuota ndani ya chupa kwenye chakula cha sukari, na tangu hapo dunia nzima huzikuza maabarani. Lakini ni kazi ya miaka. Ndiyo maana mtu mwenye haraka hupanda mti nyikani akaung'oa mmea uliokomaa, akauleta mjini kwenye gunia. Okidi ya chui imo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na okidi zote zinalindwa na mkataba wa CITES, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1978: huwezi kuvusha hata mmoja mpakani bila kibali.

Na mkono wetu wa mjini umo ndani ya hasara hiyo kwa njia nyingine. Gunia la makaa linaloshushwa Kayole limetoka nyika ile ile. Mgunga ukiangushwa ili uchomwe, okidi iliyokaa juu yake huanguka pamoja nao. Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018, wakati wa Gavana Charity Ngilu, lakini magunia hayakukoma kufika mjini. Ndiyo sababu nakuambia kwa dhati: kwa kikapu chako tumia makaa yaliyobaki jikoni, usinunue gunia jipya kwa ajili ya ua.

Unaponunua, utazame mmea kabla ya bei. Wenye vipande vya gome la porini bado vimeng'ang'ania mizizi, na mizizi yenyewe imechanika yote, huo umeng'olewa. Muulize muuzaji aliukuza wapi na kwa muda gani. Aliyeukuza mwenyewe hukosi kumwona akifurahia swali. Njia bora zaidi ni kugawana. Kichaka kilichokomaa hugawanyika, mradi kila sehemu ibaki na mashina matatu au manne na mizizi yake. Nairobi ina Kenya Orchid Society, na wapenzi wa okidi kwa kawaida hugawana vipande. Hakuna sababu akina mama wa Buruburu, wanaopeana miche ya maua juu ya ua kila siku, wasigawane na hii.

Na kwa wale wanaoishi mitaa ya zamani, Kaloleni, Jericho, Maringo, Ofafa, mna kitu ambacho gorofa mpya hazina: nafasi wazi kati ya nyumba, na miti mikubwa. Mjakaranda, mparachichi na mwembe wote wana gome la kukwaruza lisilobanduka, na okidi hulishika. Mkaratusi usiujaribu, huvua gome lake na kumwangusha mgeni. Zungumzeni na mwenyekiti wa mtaa na majirani kwanza, watoto waambiwe, kisha mvua za Machi zikianza fungeni kipande kwenye tagaa la juu kidogo ya kimo cha mtu, upande unaopata jua la asubuhi. Tumieni utepe wa kitambaa cha pamba, si waya, kwa sababu mti hunenepa na waya huukaba. Mwaka wa kwanza upeni mmea maji siku ambazo hakuna mvua. Mizizi ikishashika gome lenyewe, fungueni kitambaa, na kutoka hapo msiusogeze tena.

Juma lijalo saa hizi hizi tutazungumzia mikoko ya Tudor, Mombasa.